Vipande vya Duara

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alipitia kwa babu yake. Jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Babu, fundi cherehani, hushona sebuleni, naye Chiriku hufanya kazi zake katika chumba cha marehemu bibi yake, aliyekuwa mwanahisabati. Ukuta mzima wa chumba hicho ulikuwa ubao, na bado mlinukia chaki.

Siku hiyo chumba kilikuwa kimya.

"Mjukuu wangu, umemeza kufuli?" Babu aliuliza.

Chiriku akatoka na karatasi iliyojaa mistari. "Babu, ukiweka nukta mbili kwenye ukingo wa duara ukaziunganisha kwa mstari, unapata vipande viwili. Nukta tatu, kila moja ikiungana na zote, vipande vinne. Nne, vinane. Tano, kumi na sita. Nikamwambia mwalimu kila nukta inaongeza vipande maradufu. Alifurahi mno! Kesho ni siku ya wazazi shuleni, nami nitawaeleza wote."

"Sasa mbona unanuna?"

"Nukta sita zinatoa thelathini na moja, si thelathini na mbili. Nimehesabu mpaka macho yananiuma. Lakini nikiishia tano, nani atajua?"

Babu akasimamisha cherehani.

"Bibi yako alipokuwa kijana, alithibitisha jambo lililowashinda wengi. Sifa zikamiminika. Akaalikwa kuzungumza mbele ya mabingwa. Kabla hajaenda, akaliona kosa. Hakuna mwingine aliyekuwa ameliona."

"Akanyamaza?"

"Thubutu! Alisimama mbele yao akasema, 'Jamani, nimekosea, na kosa ni hili hapa.'"

"Wakamcheka?"

"Wengine walicheka. Alirudi akalia, mwenzangu. Kisha akashika chaki. Mimi nikishona huku, yeye akiandika kule, mlango wazi, tukitaniana. Miaka ikaenda. Kosa lile likamfikisha kwenye njia mpya kabisa, na leo vyuoni wanaifundisha kwa jina lake." Babu akautazama mlango wa chumba. "Hata sasa, cherehani ikinyamaza, natega sikio nisikie chaki yake."

Kesho yake Chiriku alisimama darasani mbele ya watu, Babu akiwa miongoni mwao. Akachora duara, akatawanya nukta sita ukingoni, akaziunganisha zote.

"Nilimwambia mwalimu kanuni yangu haikosei," alisema. "Inakosea. Hesabuni."

Mvulana mmoja akaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alikwenda ubaoni, akahesabu kipande kwa kipande, akageuka macho yakimng'aa.

"Thelathini na moja! Kwa nini? Nani ataniambia?"

Kicheko kikakatika. Penseli zikaanza kukwaruza darasa zima, hata wazazi wakaomba karatasi.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Babu alimshika mkono.

"Bibi yako alikosea kama sisi sote," alisema. "Lakini alipokwambia jambo ni kweli, ulilala usingizi bila wasiwasi. Watu wakikuamini hivyo, mwanangu, umebarikiwa. Usikubali kuipoteza imani hiyo kwa kipande kimoja cha duara."