Sauti Moja Haikumwita Dennis

Dennis Musila alipatikana amelala kifudifudi kwenye mchanga wa korongo, kisogo kimepasuka, mkononi bado ameshika mpira wa kunyonya, ule wa kubandika kamera kwa mwili wa gari. Alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Inspekta Mutheu Nzuki alichuchumaa kando yake, akavaa glavu. Miaka kumi na sita ya kazi, na bado alikuwa hajazoea viatu vya maiti. Dennis alikuwa amefunga kamba za viatu fundo mbili mbili, kama mtoto anayeenda shule.

"Kifaa butu, afande," akasema Sajini Kakenya. "Na chenyewe kile pale."

Spana ya magurudumu ilikuwa imetupwa kwa miiba, ina damu. Lakini Mutheu alikuwa anaangalia mchanga. Kulikuwa na alama ndefu za ncha za viatu. Mtu alikuwa amemvuta Dennis kutoka kwa jua hadi kivulini.

"Muuaji gani anamwonea maiti huruma ya jua?" akauliza. Kakenya akapiga picha zile alama.

Magari matatu yalikuwa yametoka Kitengela asubuhi hiyo ya Jumamosi, yakapita Kajiado, yakashika njia ya mawe ya kuelekea Oltepesi. Wenyewe wanapenda kupanda mawe na magari makubwa, na wanapenda zaidi kujiona kwa video wakipanda. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Dennis. Kibandani kwake Kitengela alikuwa anabandika kamera: moja kwa bonet, moja kwa kioo, moja chini ya bampa ili watu waone gurudumu likiuma jiwe.

"Spana ni ya nani?"

"Ya Mwololo, dereva wa gari ya mbele. Na asubuhi waligombana."

Mwololo alikuwa jitu la mtu, lakini siku hiyo alikuwa amejikunja juu ya jiwe.

"Mligombania nini?"

"Kamera ilianguka, madam. Nilimwambia apanguse vumbi kwanza ndio ishike. Akaharakisha. Nikamwita fundi wa gundi."

"Fundi wa gundi?"

"Ilikuwa mzaha! Hata yeye alicheka."

"Alicheka sana?"

"...Kidogo."

"Wenzako wakinywa chai, ulikuwa wapi?"

"Choo. Kwa kichaka."

"Nani alikuona?"

"Madam, kwani watu huenda choo na mashahidi?"

Alama za vidole kwa spana zilikuwa zake tu. Jioni Mwololo akalala seli ya Kajiado, na mke wake akakaa kwa benchi nje na flaski ya uji, akikataa kwenda nyumbani.

Kabla ya hapo, shahidi wa mwisho kuhojiwa pale korongoni alikuwa Koinet, mzee wa makamo aliyekuwa anawaonyesha madereva njia. Mutheu alimjua. Alitamani asingemjua.

Aprili, kwa njia hiyo hiyo, gari ilimgonga msichana wa Koinet akichunga mbuzi. Miaka minane. Dereva akahepa. Faili ilikuwa kwa droo ya Mutheu: picha nne, na shati moja ya buluu ya mwanamume, aliyofunikwa nayo mtoto. Mutheu alikuwa ameahidi. Miezi mitano sasa.

"Supai, mzee," akamsalimia Kimaasai.

"Epa." Koinet alimwangalia. "Afande, ile faili?"

"Bado iko wazi."

"Wazi," Koinet akarudia polepole. "Kama mlango."

Mutheu akafungua daftari. "Wakati wa chai ulikuwa wapi?"

"Nilienda kusalimia watu wa boma ile."

"Walikuona?"

"Walikuwa wamehama."

"Sawa. Na mzee, mimi sijamsahau Naisula."

Koinet akageuza uso kama aliyepigwa kofi, akaondoka bila kuaga.

Ndani ya gari, Kakenya akasema kwa sauti ya chini, "Afande, hilo jina usimtajie tena. Kwetu Wamaasai mtu akishakufa, waliokuwa karibu naye hawataji jina. Nyanya yangu alipoteza ndugu kitambo sana. Hadi leo ni 'yule wetu'. Sisi vijana hatushiki sana. Lakini wazee kama Koinet, hata kama wako kanisani kila Jumapili, ulimi unakataa wenyewe."

Mutheu akaona aibu. Akaweka hilo neno moyoni.

Jumatatu walikaa ofisini na video zote. Kamera ya bonet ya gari ya pili ilikuwa imesahauliwa ikiwaka. Ilikuwa inaangalia mawe tu, lakini ilisikia kila kitu. Asubuhi, sauti ya Koinet ikicheka: "Dennis! Wewe Dennis, utabandika kamera hata kwa ng'ombe yangu!"

Kisha chai. Kisha watu wakaanza kumtafuta.

"Dennis! Dennis wee!" Hiyo ilikuwa ya Mwololo, imekauka, imepita zote.

Halafu Koinet: "We kijana! Kijana wa kamera! Uko wapi?"

"Rudisha nyuma," akasema Mutheu.

Wakasikiliza mara tatu.

"Hapo walikuwa bado wanamtafuta?"

"Ndiyo. Walimpata dakika ishirini baadaye."

"Kwa hivyo wote wanadhani amepotea tu."

Kakenya akaweka kikombe chini. "Wote, isipokuwa mmoja. Ulimi wake ulishakataa jina."

Walimkuta Koinet nje ya boma yake, ameketi kama mtu anayengoja wageni.

"Mzee, yule kijana asubuhi ulikuwa unamwita nani?"

"Kwa jina lake."

"Jina gani?"

Mbuzi mmoja akakohoa.

"Mwololo aliita hadi sauti ikaisha. Alikuwa anatafuta mtu aliye hai. Wewe ulikuwa unatafuta nani?"

Koinet aliangalia mikono yake.

"Niliingia kwa hao watu wa magari ndio nipate gari iliyomaliza mtoto wangu," akasema. "Miezi mitano naangalia bampa za watu. Yule kijana peke yake ndiye alikuwa ananiita baba. Siku hiyo alilala chini ya gari ya Mwololo, huko mbele korongoni, kubandika kamera, akaniomba spana agongee chuma iliyopinda. Akaanza kuongea huko huko chini, hataki kuona macho yangu. Akasema Aprili ni yeye. Alikuja peke yake na gari ya mteja kujaribu kamera. Akatoka chini, akanipa kadi ya kamera ya siku hiyo. Akasema, 'Baba, nilimwacha hapo.' Akageuka. Spana nilikuwa nimeishika na shuka kwa sababu jua imeichoma. Afande, nilisikia hiyo neno tu. Nilimwacha. Mtoto wangu alikufa peke yake, amefunikwa na shati kama mzigo."

"Na mbona ukamvuta kivulini?"

"Jua ilikuwa kali," akasema Koinet, na hapo akalia.

Kadi ilikuwa kwa kopo lake la tumbaku, ndogo kama ukucha. Hakuwa ameiangalia.

Jioni Mwololo aliachiliwa. Mke wake akambeba kwa macho hadi nje. Mutheu na Kakenya wakafunga mlango, wakaweka kadi kwa laptopu.

Njia. Vumbi. Kitu kikagonga. Mlango wa gari, kisha Dennis mbele ya bonet, anakimbia, anapiga magoti, anamweka mtoto mapajani. Ananyanyua simu juu, anatafuta netiwaki, hakuna. Anavua shati ya buluu, anamtengenezea kivuli. Anaongea naye bila kuacha. Dakika kumi na moja. Mtoto aliponyamaza, Dennis alikaa naye muda mwingine, akamlaza chini ya mti, akamfunika. Ndipo akahepa.

Mutheu alienda seli ya Koinet na laptopu kifuani.

"Mzee, hakufa peke yake. Alikuwa ameshikwa."

"Usinidanganye."

"Sauti yake iko. Picha sitakuonyesha. Unataka kusikia?"

Koinet akasogea, akaweka paji la uso kwa vyuma.

Upepo. Pumzi. Halafu sauti ya Dennis, inatetemeka: "Usilale. Ongea na mimi. Unaitwa nani? Ati unaitwa nani?"

Na kabla mtoto hajajibu, baba yake akajibu.

"Naisula," akasema.