Tusekile Abeba Donge

"Kwani Mungu hapendi watoto wanaochezacheza?" Tusekile aliuliza.

Baba alikuwa anasoma Neno. Mama alikuwa amefumba macho. Dada yake, Sekela, alimfinya tu.

Nje, mvua ya Tukuyu ilinyesha. Chwaa, chwaa, chwaa. Ndani, wote walikuwa mkekani kwa ibada ya jioni.

Kaa kimya, Tusekile! Tulia, Tusekile!

Lakini atatuliaje?

Vidole chaka-chaka-chaka. Miguu kapa-kapa-kapa.

Baba akaacha kusoma. "Tusekile, nenda ukalale."

"Lakini Baba, sijaomba!"

"Utaomba kesho. Ukitulia."

Sasa sikiliza. Nyumbani kwao, watu huomba kwa zamu. Mkubwa huanza, mdogo humaliza. Na mdogo ni nani? Ni Tusekile!

Kabla zamu haijamfikia, ameshafukuzwa. Jumatatu alifukuzwa. Jumanne alifukuzwa. Leo Jumatano, kafukuzwa tena. Hiyo ni haki kweli?

Na ombi analo! Ni ombi la Bibi. Bibi anaumwa kifua. Chumba cha pili, Bibi anakohoa. Koho! Koho! Koho!

"Nataka nimwombee mimi mwenyewe," Tusekile akaliambia blanketi.

Akajifunika mpaka kichwani.

Alhamisi, Mama alisema, "Leo nampikia Bibi maandazi laini. Ya kuchovya kwenye chai."

Akamimina unga. Akatia sukari. Akatia maji ya uvuguvugu. Kisha akatia kijiko kimoja cha hamira.

"Hamira!" Tusekile akaruka. "Kama yule mama ambaye Baba alisoma habari zake jana! Alitia hamira kidogo kwenye unga mwingi. Halafu ikawaje?"

"Si ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimefukuzwa, Mama."

Mama akamsogezea bakuli. "Nawa mikono," akasema. "Njoo uone ikawaje."

Kanda, Tusekile! Geuza, Tusekile!

Vidole chaka-chaka-chaka. Miguu kapa-kapa-kapa. Na leo hakuna aliyemkemea!

"Mama, hamira iko wapi sasa?"

"Imo humo humo. Haionekani."

"Inafanya nini?"

"Inafanya kazi. Donge litaumuka, litakuwa kubwa. Sasa funika, uliache."

Tusekile akafunika. Akahesabu moja, mbili, tatu. Akafunua. Bado.

Akafunika. Akaenda mlangoni, akarudi. Akafunua. Bado!

Funua, funika. Funua, funika. Na kila alipofunua, baridi ya Tukuyu iliingia, fuu!

Jioni ikafika. Donge lilikuwa dogo vilevile, kama ngumi ya Baba.

"Limepigwa na baridi," Mama akasema. "Na mkaa umezimika."

"Na Bibi je?" Machozi yakamlenga Tusekile. Chumba cha pili, koho! Koho!

Baba akaita, "Njooni, ibada!"

Tusekile akalitazama donge. Akamtazama Mama.

"Mama, mtoto akisikia baridi anafanywaje?"

"Anabebwa."

"Basi nifunge donge mgongoni!"

Sekela akacheka mpaka akakaa chini. "Mtoto wa unga! Anaitwa nani huyo? Andazi?"

Mama naye akacheka. Lakini akachukua kitenge. Akaweka donge kwenye bakuli lenye kifuniko. Akalifunga mgongoni mwa Tusekile, kaza, kaza, kaza.

Baba akatoa macho. "Hii ni ibada au ngoma?"

Tusekile akasimama katikati ya mkeka. Akainua kidole.

"Baba, nilipokuwa mchanga, nani alinibeba wakati wa ibada?"

"Mama yako."

"Alikaa akatulia?"

"Atulie wapi!" Mama akadakia. "Ungelia wewe! Nilisimama. Nikakubembeleza huku na huku."

"Ukafukuzwa?"

Mama akamtazama Baba. Baba akakuna kidevu.

"Hakufukuzwa," Baba akasema polepole.

"Na aliomba?"

"Aliomba."

"Basi leo mimi nina mtoto!"

Baba akajaribu kukunja uso. Uso ukakataa. Ukacheka.

"Haya, Mama Donge. Bembeleza mtoto wako. Lakini usikilize."

Baba akasoma tena ile habari ya mama na hamira. Hamira ndogo, unga mwingi. Hamira ikaenea polepole, hakuna aliyeiona, mpaka unga wote ukaumuka.

Vidole chaka-chaka-chaka. Miguu kapa-kapa-kapa. Na masikio je? Masikio yalitulia tuli!

"Hivyo ndivyo ulivyo ufalme wa Mungu," Baba akasema. "Unaanza kidogo. Unafanya kazi hata kama huuoni."

Tusekile akagusa bakuli mgongoni. Lilikuwa la moto moto, kama mgongo wake.

Baba akaomba. Mama akaomba. Sekela akaomba, akaomba, akaomba. Sala yake ilikuwa ndefu kama barabara ya Mbeya. Makusudi huyo!

Mara, ti! Kifuniko kikainuka ndani ya kitenge.

Tusekile alitaka kupiga kelele. Akauma midomo. Asije akafukuzwa sasa!

Yumba kulia. Yumba kushoto. Subiri, Tusekile. Subiri.

"Amina," Sekela akamaliza.

Baba akageuka. "Tusekile. Zamu yako."

Tusekile akafumba macho.

"Mungu, ni mimi. Bibi anakohoa, halali vizuri. Naomba umponye kifua. Na asante kwa hamira, inafanya kazi gizani. Amina."

"Amina!" wakasema wote.

Na chumba cha pili, sauti ikaitikia, "Amina, mjukuu wangu! Nimekusikia!"

Mama akafungua kitenge. Akafungua bakuli.

Lo! Donge limejaa. Limevimba. Limefura kama shavu la mtoto aliyeshiba!

Mama akawasha jiko. Maandazi yakaingia kwenye mafuta. Chwiii! Chwiii!

Bibi akachovya andazi kwenye chai. Akala moja. Akala la pili.

"Laini kabisa," Bibi akasema. "Kapika nani?"

"Mimi na Mama na hamira," Tusekile akasema. "Na mgongo!"

Bibi akacheka. Akakohoa mara moja tu. Koho. Kisha akasema, "Njoo ulale na mimi leo. Una joto zuri wewe."

Tusekile akapanda kitandani kwa Bibi. Baba akaja kuwafunika.

"Kesho nitasoma habari ya kondoo aliyepotea," Baba akasema. "Tutakaa tu mkekani?"

"Hapana, Baba! Tutamtafuta!"

"Tutamtafuta wapi?"

"Uvunguni!"

Baba akainama, akachungulia uvunguni. "Mh. Panatosha kondoo."

Nje, mvua ilinyesha. Chwaa, chwaa, chwaa. Bibi akasinzia. Na Tusekile akalala fofofo, kidole hakitikisiki.

Na wewe unayesikiliza, nina ombi. Kesho kabla ya sala, mwambie anayekusomea, "Naomba na mimi unipe kazi ya kufanya wakati wa sala."