Nusu ya Taulo

Fundi wa kushona barakoa alikuwa amelalia cherehani yake, na hakuwa usingizini. Polisi walipomwinua, barakoa moja ilibaki chini ya sindano, imeshonwa kamba upande mmoja tu.

"Hakuna jeraha wala dalili ya sumu," alisema daktari wa polisi. "Ni ugonjwa huu huu. Lakini mwili bado unachoma, Inspekta. Alipitaje getini?"

Kila asubuhi mlinzi wa kiwanda alimpima kila mfanyakazi joto kwenye paji la uso. Mwenye homa alirudishwa nyumbani bila ujira, na nafasi yake ilipewa mtu mwingine siku hiyo hiyo.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema meneja, akiwa amesimama mbali.

"Na nani kawafundisha kuficha?" aliuliza Inspekta.

Inspekta hakuwapenda watu wa kutoa methali mbele ya maiti.

Daktari alifungua kilemba cha marehemu. Ndani, karibu na paji la uso, palikuwa na kipande cha taulo ya bluu, bado kibichi. Ukingo mmoja ulikuwa umechanwa kwa mkono.

Inspekta alikitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaenda kwenye kibanda cha mlinzi. Mlinzi alikuwa mzee mpole. Nyuma yake, kwenye msumari, ilining'inia nusu ya taulo ya bluu. Inspekta aliweka kingo mbili pamoja. Zilioana.

"Mzee, taulo hii ulimpa wewe?"

"Nilimfunga mwenyewe, kwa maji ya barafu. Akifika hapa anakisogeza kilemba juu, paji limeshapoa. Msimamizi husimama begani kwangu kusoma namba. Ningedanganya vipi?"

"Ni nani wako?"

"Binti yangu. Kitindamimba." Aliutazama mlango wa kiwanda. "Humu hawajui. Alikuwa ananiamkia kama wenzake, anapita."

"Ulijua anaumwa?"

"Usiku kucha alikohoa. Nikamwambia, pumzika mama. Akasema, baba, nikipumzika leo, kesho cherehani ina mwenyewe. Ana watoto wawili, afande. Mumewe kaachishwa kazi tangu maradhi yalipoingia. Ningemwambia nini?"

Inspekta alimtazama usoni. Ndipo alipoona jasho juu ya macho ya mzee, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Na wewe unapimwa na nani?"

"Mimi? Mimi ndiye mpimaji."

Inspekta alichukua kipimajoto mezani, akamwelekezea. Taa nyekundu iliwaka. Mzee hakushtuka.

"Tangu Jumapili," alisema. "Niliogopa kusema. Yeye ndiye aliyeniuguza. Alininywesha uji kwa mkono wake." Alivua kofia ya kazi, akaiweka magotini. "Andika, afande. Ugonjwa nimempa mimi, na getini nimempitisha mimi. Nilitaka tu asipoteze kazi."

Inspekta alishika kalamu, lakini hakuandika. Macho yalikuwa yamemjaa maji, naye hakujisumbua kuyaficha.

Ndani, cherehani zilianza kunguruma tena. Getini alisimama mwanamke kijana, anahema kwa haraka aliyokuja nayo.

"Shikamoo baba. Nimesikia kuna nafasi ya fundi."

Kisha akasogeza kilemba chake juu, akainamisha paji la uso apimwe.