Paka Aliyepinda Usukani

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso wake mwenyewe, Babu aliiosha baiskeli yake. Alikuwa tarishi mstaafu, na kwa maneno yake, baiskeli ile ilikwisha kuizunguka dunia mara mbili ikarudi nyumbani kabla chai haijapoa.

"Hiki si chuma, ni ndugu yangu," alisema akiifuta kengele. "Atakayeigusa bila ruhusa nitamvisha kengele hii shingoni. Akienda chooni, mtaa mzima ujue!"

Zamani mjukuu wake wa miaka kumi na miwili angecheka. Walimwita Chapuchapu, maana hakuwa na subira hata ya kufunga kamba za viatu. Siku hizi hakucheka. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu usukani upindike na mpira wa kushikia wa upande wa kulia upotee, ukabaki mdomo wa chuma mtupu. Babu alimtuhumu paka wa jirani.

Ndani, Mama alikuwa ameweka uji mezani. Chapuchapu alimeza vijiko vitatu, akasukuma bakuli.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hata sisimizi anakushinda!"

"Tumbo limejaa, Mama. Kama nimemeza mpira."

Mama alishusha pumzi. Juu ya kitovu cha binti yake palikuwa pametuna, na kila akila zaidi alitapika. Zahanati ya kwanza ilisema minyoo. Ya pili ikasema vidonda vya tumbo. Dawa zikaisha, uvimbe haukuisha.

"Tumepima damu, mkojo na choo," Mama alilalamika. "Kilichobaki ni kupima viatu."

Siku hiyo walikwenda hospitali kubwa, na Babu akawasindikiza. Daktari wa tumbo, mwanamke mwenye miwani iliyomteremkia puani, alimlaza Chapuchapu kitandani, akampaka mafuta ya baridi tumboni na kupitisha kifaa cha kupigia picha. Kwenye kioo likatokea duara jeusi, kubwa kama chungwa.

"Liko kwenye kongosho," alisema. "Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, kama mtu nyuma ya pazia. Linatengeneza maji ya kusaga chakula. Sasa hapa pana uvimbe."

Mama alishika ukingo wa kitanda. "Uvimbe! Basi mwanangu kwisha!"

"Polepole, mama. Uvimbe ni jina la ukoo, na ukoo una watu wengi. Kuna nyama iliyoota na kuna kifuko cha majimaji. Hiki ni kifuko. Lakini vifuko navyo havifanani. Kuna kinachoota chenyewe, na hicho huenda tukakikata. Kingine hutokea kongosho likijeruhiwa na kuvujisha maji yake. Hicho mara nyingi hunywea chenyewe."

"Sasa hiki ni kipi?"

"Picha inanionyesha umbo tu. Hainisimulii kilichotokea." Daktari alimgeukia Chapuchapu. "Umewahi kuanguka? Kugongwa tumboni?"

"Hapana."

"Huyu?" Mama aliingilia. "Hata kwenye kiti hajawahi kuanguka."

Wiki iliyofuata walirudi kwa mashine kubwa ya duara, inayopiga picha za mwili vipande vipande kama mkate. Daktari alizitazama, akagonga meza kwa kalamu, akazitazama tena. Akauliza swali lilelile. Akajibiwa hapana ileile.

Mara ya tatu alikuwa amechoka waziwazi. "Picha na vipimo vya damu vinaniambia kongosho limeudhika. Hakuna kinachoniambia limeudhiwa na nani. Binti, kwa mara ya mwisho, hukuumia popote?"

"Hapana," Chapuchapu alijibu, akitazama viatu vyake.

"Basi tutamlaza usingizi, tupitishe mpira mwembamba mdomoni, tuvute maji ya kifuko kwa sindano. Yasipotupa jibu, huenda tukampasua."

"Kila siku njoo kesho, njoo kesho!" Mama alifoka. "Mashine zote hizi, na hakuna anayejua!" Alitoka bila kufunga mlango, akasimama ukumbini akiutazama ukuta. Mabega yake yalitikisika.

Babu alijaribu mzaha. "Nikiwa tarishi, niliwahi kupeleka barua kwa kiboko..." Hakuna aliyecheka. Hata yeye hakuumaliza.

Chapuchapu aliyatazama mabega ya mama yake. Akafungua mkoba, akatoa kibweta cha kalamu, na ndani yake akachomoa mpira mweusi wa usukani.

"Si paka," alisema.

Mama akageuka. Babu akakodoa macho.

"Niliichukua baiskeli. Kwenye mteremko breki zikagoma. Nilipoanguka, usukani ulinigeukia, chuma kikanichoma hapa. Nilikosa pumzi. Nikaogopa kengele."

Daktari aligonga meza kwa kalamu. "Mara tatu nimekuuliza! Mara tatu!" Kisha akachora haraka kwenye karatasi. "Huku mbele chuma. Huku nyuma uti wa mgongo. Katikati kongosho, limebanwa kama ndimu mlangoni. Sasa picha na damu vinasema kitu kimoja. Nitaendelea kumpima ili nihakikishe, lakini sindano na kisu vitasubiri. Ale kidogo kidogo, mafuta apunguze. Homa au maumivu yakizidi, mleteni siku hiyohiyo."

Baada ya wiki sita chungwa lilikuwa limekuwa ndimu. Baada ya nyingine sita, lilikuwa punje ya haragwe, na Chapuchapu alikuwa akimaliza uji na kulamba kijiko.

Jioni hiyo Babu alirudisha mpira mahali pake. "Mimi nilijua tangu siku ile," alisema. "Paka gani wa kupinda chuma? Nilikuwa nangoja paka aje akiri mwenyewe."

"Ulijua?" Mama alisimama, mwiko mkononi. "Tumezunguka hospitali miezi yote hiyo, na wewe ulijua!"

Babu aliinamisha kichwa, jambo ambalo halikuwahi kuonekana nyumba ile. "Nilijua kuhusu baiskeli, tumbo sikuliwazia. Nimekosa. Mjukuu wangu, wewe ulificha kwa hofu, mimi nikanyamaza kwa ujanja, na mama yako ndiye aliyelia. Sikiliza. Daktari ana mashine za kuona nyuma ya tumbo. Hana mashine ya kuona nyuma ya ulimi. Hapo anakutegemea wewe. Ukiulizwa na anayekutibu, sema yote, hata ya aibu."

"Na kengele, Babu?"

"Ahadi ni deni."

Kesho yake mtaa mzima ulisikia. Kengele ilikuwa moja na wakosaji wawili, kwa hiyo walipokezana. Paka wa jirani alikaa ukutani akiwatazama, mbele yake kipande cha samaki cha kumwomba radhi.