Nasaba ya Umbea

Mtambo wa Mnasaba ulipowashwa, ukumbi mzima wa vijana wa Tanga na wageni wao kutoka nchi nane ulinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu wafike. Ukiupa habari, mtambo huo huifuata kinyumenyume, kinywa hadi kinywa, mpaka kwa mzazi wake. Kila aliyeipitisha huwa uzi wa mwanga hewani. Akiongeza neno lake, uzi hunenepa.

"Nani ana habari ya kuchunguza?" aliuliza Mhandisi Mwanahamisi, aliyeuunda.

Bi Kibibi, mpishi wa wageni, akaweka sinia chini. "Mimi. Ile filamu ya mtu anayemimina sabuni kwenye karai la maandazi. Mji mzima unasema ni mimi. Genge langu limekufa. Nataka kumjua aliyeliua."

Nyuzi zikalipuka juu ya vichwa vyao, maelfu kwa maelfu, zikatambaa pwani yote, zikaruka bahari. Watu walisahau kufumba midomo. Mwisho kabisa, ng'ambo ya dunia, ukabaki uzi mmoja mwembamba kama unywele. Peru.

Illari, mgeni aliyefikia nyumbani kwa kina Hidaya, msichana wa mtaa wa Chuda, akasimama. Mkalimani wa sikioni akawageuzia maneno yake. "Mikono ile ni yangu. Tulikuwa tunaigiza shuleni, filamu ya kutisha. Haikuwa na sauti wala jina la mtu."

"Kumbe kitoto cha watu," alisema Bi Kibibi, akimtazama juu hadi chini. "Haya, mwanangu, hukunijua. Yameisha."

Ukumbi ukashusha pumzi. Afadhali mkosaji katoka mbali. Mhandisi akanyoosha mkono kuuzima mtambo.

"Usizime," alisema Hidaya.

Uzi wa Peru uliingia Tanga ukiwa unywele, ukatoka mtaa wa Chuda mnene kama kamba ya nanga. Mhandisi akapagusa pale uliponenepea. Sauti ya msichana anayecheka ikajaa ukumbini: "Jamani, huyu si Bi Kibibi kabisa? Ila msiseme mmesikia kwangu."

Wageni ndio waliohitaji kuelezwa: mjini hapa, habari isiyotaka kutajiwa msemaji ndiyo inayoaminika.

"Nilikuwa natania," alisema Hidaya. "Niliwatumia mashoga zangu tu."

"Nimekutoboa masikio mimi, Hidaya. Kwa mkono huu." Bi Kibibi akauinua mkono wenyewe. "Basi sema tena. Sauti ile ile. Safari hii waambie wamesikia kwa nani."

Hidaya akasema kwenye simu, kwa mashoga wale wale na kwa Illari: jina lake, la baba yake, mtaa wake, na kwamba alisema uongo. Uzi mpya ukachipuka juu ya meza. Illari akaupokea wa kwanza, ukavuka bahari kufumba na kufumbua, ukameremeta kule mbali.

Upande wa Chuda, giza tupu: hakuna aliyeupitisha.

Bi Kibibi akavuta kiti, akaketi chini ya mwanga ule. "Tusubiri," alisema, na hakuna aliyethubutu kuondoka.