Picha ya Kifurushi cha Tatu

Haya yalimpata mwalimu mwenzangu wa darasa la pili. Mama yake alikuwa akipoteza macho, na matone yake ya dawa yalipatikana kwa kuagiza mtandaoni tu. Vifurushi viwili vilishaibwa mlangoni. Kila mara mletaji alituma picha ya mzigo juu ya kizulia, lakini kizulia kikakutwa kitupu. Daktari alishasema: akiyakosa tena, macho basi.

Cha tatu mwalimu alikisubiri mwenyewe. Mchana huo umeme ulikatika, na korido ya ndani ya nyumba yao haina dirisha. Akatia mlango komeo, akaketi gizani kwenye kigoda, ufagio mkononi.

“Mwanangu, mwizi unamvizia kwa ufagio?” mama alicheka chumbani.

“Taratibu, mama, atakusikia.”

Akasikia viatu vikipanda ngazi, mzigo ukitua sakafuni, kisha mlio wa kamera. Akafungua upesi. Nje hapakuwa na mtu wala mzigo, wala hatua za mtu anayeshuka.

Simu ikatetema. Picha ilionyesha kifurushi ndani, sakafuni mwa korido. Akamulika korido nzima; hapakuwa na kitu. Akaitazama tena picha. Mbele ya kifurushi, kwenye kigoda, aliketi yeye mwenyewe, ameipa kamera mgongo, akiutazama mlango uliofungwa.