Kisima cha Bi Saumu

Meshack alifungua chupa mpya ya maji, akapiga funda moja, akalitema palepale. Maji yalikuwa na ladha ya tope. Aliiinua chupa juani akayatazama: safi, hayana hata chembe. Akanusa. Harufu ilikuwa ya udongo wa chini sana, udongo usiowahi kuona jua, na ndani yake kitu kilichoanza kuoza.

"Vipi kaka, yameharibika?" mgeni mmoja aliuliza.

"Hapana, yamepata joto tu."

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Meshack alikuwa mtembeza wageni wa Majengo, mtaa mkongwe katikati ya jiji la Dodoma. Siku hiyo alikuwa na watu sita, watumishi wa serikali waliohamishiwa huku na kuchoka kushinda ndani kila mwisho wa wiki. Alishawapitisha stesheni ya reli. Alishawapeleka kwa wauza nafaka, wakatia mikono kwenye magunia ya uwele. Walikuwa wamekunywa kahawa kwa kashata, wamenunua zabibu, wamesimama kumsikiliza mzee mmoja akipiga zeze mbele ya duka la vitenge. Sasa walikuwa wamefika mahali walipopasubiri kwa hamu kuliko pote.

Kilikuwa kisima kikavu, kimezibwa kwa zege, kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba ya matofali ya udongo.

"Hapa," Meshack alisema, akishusha sauti, "aliishi mchawi aitwaye Bi Saumu. Watoto kumi na mmoja wa mtaa huu aliwatoa kafara kwa majini wa kisima hiki. Aliwaita kwa peremende, mmoja mmoja, akawatumbukiza kwa mkono wake."

Wageni wakaguna, wakatoa simu wakapiga picha.

Uongo mtupu, na Meshack aliujua. Miaka miwili nyuma, Rukia, mama anayepika chapati kwenye baraza la nyumba ile, alimsimulia habari za bibi yake kama zilivyokuwa. Bi Saumu alichimbisha kisima, na mwaka wa kiangazi kikali aliwagawia maji watu wote wa Majengo bila kumbagua mtu. Kisha ugonjwa wa kuhara ukaingia, watoto wakafa. Watu wakasema amewauza kwa majini. Wanaume saba wakampiga mawe mbele ya wanawe, wakamtupa humohumo kisimani. "Wasimulie wageni wako, mwanangu," Rukia alimwambia. "Jina lake lisafishike."

Meshack aliisimulia hivyo mara tatu. Wageni wakasikitika kidogo, wakaangalia saa. Mara ya nne akamgeuza Bi Saumu kuwa mchawi, na wageni wakaanza kuleta wenzao. Video ya simulizi hiyo ikazunguka kwenye simu mji mzima. Ikafika kwa watu waliokuwa wamemposa binti wa Rukia. Wakarudisha maneno kwamba ukoo wa kafara hawauwezi. Rukia alimfuata Meshack barabarani, akamsihi aache. Meshack akacheka. "Mama, hizi ni hadithi tu. Nani anaziamini?"

Jumamosi ile, wageni walipokuwa wakitawanyika, mmoja wao aitwaye Cecilia alibaki nyuma.

"Yule mama ni msaidizi wako?" aliuliza.

"Mama gani?"

"Aliyesimama nyuma yako ulipokuwa unasimulia. Amejifunga kaniki. Kila ukinyamaza alikuwa anasema, 'Mwongo.'" Cecilia akasita. "Halafu nguo zake zilikuwa zinachuruzika maji."

Meshack aligeuka. Hapakuwa na mtu. Juu ya zege, kwenye jua lile la kuchoma, palikuwa na nyayo mbili zilizolowa, vidole vimeelekea kwake.

Alipofika nyumbani Ipagala alikuwa na kiu ya ajabu. Mkewe, Evelina, karani wa chuo kule Chimwaga, alimpa maji ya mtungi. Tope. Akampa soda. Tope. Alimkamulia hadi chungwa, na Meshack akalitema akilia, ulimi umejaa udongo ambao Evelina hakuuona. Jumatatu midomo ilipasuka. Jumanne alipelekwa hospitali, akatundikiwa dripu, na daktari akashangaa kwamba chupa mbili zimeingia mwilini na mgonjwa bado ngozi yake imekauka kama ya mtu aliyepotea porini wiki nzima.

Ndipo Evelina alipoanza kusikia ndoo.

Kwanza alidhani ni wafanya usafi wa wodi. Kilikuwa kishindo cha ndoo ya bati ikigonga ukuta wa mawe, mara moja, kimya, mara nyingine, chini zaidi. Akachungulia koridoni, akakuta hakuna mtu. Akarudi kitandani, akainama kumfuta mumewe jasho, na hapo akakisikia tena, karibu mno, akaweka sikio lake juu ya kifua cha Meshack ili ajihakikishie kwamba si pale, na akiwa ameinama hivyo akasikia kamba ikilegea, ndoo ikishuka, ikigonga, ikishuka, ikigonga, ndani kabisa ya mwili wa mumewe, kama vile chini ya mbavu zile hakukuwa na moyo wala mapafu ila shimo refu la giza, na mwisho wa shimo, mahali ndoo ilipotua bila kukuta maji, mwanamke akasema taratibu, "Mwongo."

Evelina alirudi nyuma hadi ukutani. "Meshack," alinong'ona, "umefanya nini?"

Meshack alimweleza yote. Sauti yake ilikwaruza kama majani makavu.

Kesho yake Evelina alimtoa hospitali, akampakia kwenye bajaji hadi kwa Matonya, fundi wa visima aliyejulikana pia kwa kutibu watu wenye majini. Walimkuta gereji, mikono ina grisi, anafungua pampu. Matonya hakupiga ramli. Alimkalisha Meshack kwenye ndoo iliyopinduliwa, akawasha ubani kwenye kifuniko cha kopo, akamwekea kiganja kifuani. Kishindo kikasikika. Matonya akaondoa mkono upesi.

"Shikamoo," alisema kwa heshima, na hakuwa akimsalimia Meshack.

Meshack alifungua kinywa. Iliyotoka ilikuwa sauti nzito ya kiume, yenye mwangwi.

"Nilikuwa chini ya ardhi hii kabla ya mtaa. Saumu aliponichimbua hakuniogopa. Kila Ijumaa alinimwagia maji ya kwanza, akaniita jirani. Walipomtupa, aliniangukia mikononi akiwa bado anapumua. Alichukua siku mbili kufa, akiomba maji, na kisima kilikuwa kimeshakauka kwa kuwanywesha wao. Wale saba waliorusha mawe niliwaua kwa kiu, mmoja mmoja, nikalala. Huyu ameniamsha. Huyu anampiga mawe kila Jumamosi."

"Unataka nini umwache?" Matonya aliuliza.

"Aseme mbele ya wale aliowadanganya. Baada ya hapo, mwenye damu ya Saumu ataamua."

Evelina alishinda siku yote iliyobaki kwenye simu, akiwatafuta wageni wa zamani na kuwaomba waje na wenzao. Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, uwanja wa kisima ulijaa wageni, wauza nafaka na majirani. Waliokuwa wamemposa binti wa Rukia pia walikuja, wakasimama kando. Rukia alitoka na apron yake ya kazi, mikono ina unga, akakunja mikono kifuani.

Meshack alishikiliwa huku na huku na Evelina na Matonya. Alisimulia habari za kiangazi, za maji yaliyogawiwa, za ugonjwa, za wanaume saba.

"Bi Saumu hakuua mtoto yeyote," alisema. "Mimi nilidanganywa. Kuna watu waliniambia kwamba..."

Ndoo iligonga.

Safari hii kila mtu aliisikia. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Meshack alijikunja, akakohoa, na udongo mweusi uliolowa ukamtoka mdomoni, ukamwagikia zege, na kati ya udongo ule watu wakaona jino la mtu mzima, la manjano, lenye ufa. Harufu ilipanda hadi waliokuwa nyuma wakaziba pua, na kishindo hakikukoma, kiliendelea kugonga kwa haraka, kikipanda sasa, kamba ikivutwa, kitu kizito kikija juu kutoka ndani yake kikikaribia koo, mpaka macho yakamtoka na Evelina akapiga kelele, "Sema kweli, baba, sema kweli yote!"

"Nilitunga!" Meshack alilia. "Nilitunga mwenyewe! Nilijua ukweli nikautupa! Nisamehe Bi Saumu, nisamehe mama Rukia!"

Kishindo kikakatika.

Rukia aliliokota jino, akalifunga kwenye pindo la khanga. Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha bati, akamshika Meshack kidevu, akamnywesha. Maji yalikuwa maji. Matamu, ya baridi. Alikunywa vikombe vinne, na baadhi ya watu wakalia.

Jioni hiyo Evelina alimpa maji nyumbani. Tope.

Waliporudi kwa Matonya, fundi alimwekea tena Meshack kiganja kifuani, akasikiliza. "Jini ameondoka," alisema. "Alisema mwenye damu ataamua, na amemwachia. Kiu yako iko mkononi mwa Rukia. Asipokunywesha yeye, hutakunywa."

Tangu siku hiyo Meshack hupanda bodaboda kila asubuhi kwenda Majengo. Hukaa kwenye ngazi ya baraza hadi Rukia amalize chapati za wateja. Watakaokuwapo, wawe wageni au wapita njia, huwasimulia habari za Bi Saumu kama zilivyokuwa, na Rukia husikiliza neno kwa neno. Akiridhika, huchota. Siku moja Meshack alisahau jina la mtoto wa mwisho wa Bi Saumu, na Rukia akamwaga kikombe chini, polepole, akamwambia arudi kesho.

Wale waliomposa binti walituma wazee kuomba radhi. Rukia aliwapokea vizuri, akawapa chai, akawakatalia.

Mwezi uliopita, mwishoni mwa Oktoba, joto lilipokuwa halivumiliki na mvua haijaonyesha dalili, Meshack alifika akakuta baraza limefagiliwa na jiko limezimwa. Rukia alikuwa amesimama mlangoni, amevaa baibui, begi liko miguuni.

"Shikamoo mama," Meshack alisema, akitazama begi.

"Marahaba. Nina msiba Kondoa."

Alimpa kikombe kimoja. Meshack alikunywa hadi tone la mwisho, akalamba ukingo.

"Utarudi lini, mama?"

Rukia alikichukua kikombe, akakipangusa kwa khanga, akakitia ndani ya begi, akafunga zipu.

"Sijaamua," alisema.